Kusafisha Sauti ya Babu

Nilipoingia mwaka wa tatu nilikuwa na saa sita na nusu za sauti ya babu yangu kwenye kompyuta, na nilidhani sehemu ngumu ya tasnifu imekwisha. Babu alikuwa amefariki miezi minne kabla ya hapo. Nilimrekodi wakati wa likizo, jioni baada ya jioni, kinasa sauti kikiwa juu ya stuli kati yetu, naye akizungumza chini chini kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Sasa hapakuwa na wa kumrudia na kumwambia, "Babu, neno lile sikulisikia vizuri." Kilichobaki ni zile saa sita na nusu.

Babu alikuwa gadi wa treni za mizigo katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Alisafiri kati ya Kampala na Nakuru, kupitia Jinja, Tororo na Eldoret, tangu ujana wake hadi shirika lilipovunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya yenyewe. Kiswahili chake hakukipata darasani. Alikipata kwenye behewa la mwisho la treni, kutoka kwa madereva na wapagazi wa kila kabila la njia ile. Aliporudi Uganda kuishi moja kwa moja, Kiswahili kilikuwa lugha ambayo watu wa mtaani kwetu waliiogopa. Amin alikuwa ameitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini masikioni mwa wengi ilibaki lugha ya wanajeshi kwenye vizuizi vya barabarani. Babu akaifunga kinywani kwa miaka mingi. Mimi ndiye niliyemfanya aifungue, nilipochagua kuisomea chuoni, na ninyi wenzangu mnaotoka nchi zisizo za Waswahili mnajua jinsi wazazi wetu walivyotutazama tulipotaja uamuzi huo.

Mada yangu ilikuwa matamshi yake, hasa sauti h. Kiganda, lugha ya nyumbani kwetu, hakina h katika maneno yake ya kawaida, na Waganda wengi tunapoanza Kiswahili tunasema "abari" na "apana" bila kujua kwamba kuna kitu tumekiacha njiani. Nilitaka kujua kama babu, aliyeishi na Kiswahili kwa miaka yote ile bila mwalimu wa kumsahihisha, alikuwa na h au hakuwa nayo. Mwalimu wangu alikubali mada kwa shingo upande. Alinionya kwamba mzungumzaji mmoja ni ushahidi mwembamba, na kwamba mwenye ushahidi mwembamba hana ruhusa ya kusikia vibaya.

Kusikia ndiko kulikonishinda. Vile vipande vya plastiki vya kuchomeka masikioni nilivyonunua barabarani vilikuwa na besi nyingi na maneno machache. Idarani kulikuwa na hedifoni kubwa za kazi, za kufunika sikio lote, zimekaa kabatini muda mrefu, nikaziazima. Zilikuwa nzuri, lakini zilikuwa za omu 250, na kompyuta yangu haikuwa na nguvu ya kuzisukuma. Hata nilipofungua sauti hadi mwisho, babu alisikika kama yuko nyumba ya jirani. Rafiki yangu anayesoma uhandisi wa umeme akaniambia dawa ni amplifaya, na kwamba anayo moja aliyoitengeneza mwenyewe.

Ilikuwa ndani ya kikopo cha plastiki cha kuwekea chakula. Aliijenga kwa kufuata mchoro unaoitwa CMoy, unaojulikana sana na watu wanaojitengenezea vifaa kama hivi: chipu moja, rezista chache, kapasita chache, kitasa cha kuzungusha sauti na betri mbili ndogo za volti tisa. Kwa kuwa betri zile zina bei na mimi nasikiliza kutwa, akatoa betri akaunganisha chaja ya zamani ya ruta, ya volti 12. Nikachomeka. Babu akaja karibu, akakaa katikati ya kichwa changu. Nilitokwa na machozi, sitaficha.

Pamoja na babu ilikuja kelele. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama jiko la gesi linalowaka chumba cha pili, na chini yake mngurumo kama wa mashine ya kusaga iliyo mbali. Mara nyingine ilikwaruza. Nilijiambia ni jambo la kawaida: nilirekodi kijijini, chini ya mabati, kwa kinasa sauti cha bei rahisi, unatarajia nini?

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo limenifanya niandike insha hii. Nilifungua rekodi kwenye programu ya Audacity, ambayo ni ya bure na wengi wetu tunaitumia, nikatumia kile kipengele cha kupunguza kelele. Unaionyesha programu sekunde mbili tatu ambazo mzungumzaji amenyamaza, unaiambia "hii ndiyo kelele," kisha inapita kwenye rekodi nzima ikiondoa chochote kinachofanana nayo. Niliposikiliza baadaye kelele bado ilikuwapo. Nikasafisha tena. Bado ilikuwapo. Nikasafisha mara ya tatu kwa kiwango kikubwa zaidi. Sauti ya babu ilianza kufanana na ya mtu anayezungumza ndani ya mtungi, lakini nilijipa moyo kwamba walau nimejitahidi, nikaanza kunukuu.

Nilinukuu kwa wiki tano. Nikatengeneza jedwali. Kwa mujibu wa jedwali langu babu hakuwa na h hata kidogo: "apa", "uyu", "apana", "akuna", "araka", "atari". Nilifurahi sana. Matokeo yaliyonyooka namna hiyo yanapendeza, na yalikuwa yaleyale niliyoyatarajia. Nikaandika sura nzima ya kurasa 14 nikieleza jinsi lugha ya mama inavyomfuata mtu hadi kaburini, maneno ya namna hiyo, nikampelekea Mwalimu.

Usiku mmoja, nikiwa nasubiri majibu yake, mwenzangu wa chumbani aliniita katikati ya kazi. Nikasimamisha rekodi bila kuvua hedifoni. Babu akanyamaza. Jiko la gesi likaendelea kuwaka. Mngurumo nao ukaendelea.

Nilikaa nikiusikiliza kwa muda, mwili ukianza kunitoka jasho. Rekodi imesimama. Kama kelele ingekuwa ndani ya rekodi, ingesimama pamoja nayo. Wiki tano nilikuwa nikimkwangua babu yangu ngozi nikitafuta uchafu uliokuwa mikononi mwangu.

Jumapili yake yule rafiki wa uhandisi alikuja na mita ya kupimia umeme, chuma cha kulehemu na uso wa daktari. Nilimweleza kwamba amplifaya yake ina kelele. Akauliza kelele gani. Nikamwambia kelele ni kelele. "La, nnyabo," akasema, nasi tulikuwa tukizungumza Kiganda, "wewe ndiye unayesoma sauti. Niambie ziko ngapi." Nikavaa hedifoni, nikafumba macho, nikasikiliza kama ninavyosikiliza irabu. Zilikuwa nne. Kulikuwa na mngurumo mzito usiobadilika. Kulikuwa na ule mvumo mwembamba wa "shhh". Kulikuwa na mikwaruzo iliyokuja na kwenda. Na mara mojamoja, kama dakika kumi hivi zikipita, kulikuwa na "ti-ti-ti, ti-ti-ti" kama panzi wa chuma. Alisema kelele nne huenda zina sababu nne, na kwamba hatutagusa kitu chochote kwa kubahatisha. Tutaondoa kimoja kimoja na kusikiliza.

Tukaanza kwa kuchomoa waya unaotoka kwenye kompyuta. Mngurumo ukafa papo hapo. "Shhh" ikabaki vilevile. Kwa hiyo mngurumo ulikuwa unaingia kwa njia ya waya ule, na "shhh" ilikuwa mwenyeji wa ndani ya amplifaya. Tukarudisha waya, tukachomoa chaja ya kompyuta ili kompyuta itumie betri yake. Mngurumo ukapungua hadi karibu kutosikika. Tukarudisha chaja, ukarudi. Nilirudia jambo lile mara sita saba kama mtoto aliyegundua swichi ya taa.

Maelezo yake niliyaelewa hivi. Umeme wa ukutani hapa kwetu unakwenda mbele na kurudi mara 50 kwa sekunde. Kompyuta ilikuwa na chaja yake, amplifaya ilikuwa na chaja yake, na waya wa sauti ulikuwa umeziunganisha. Kila chaja huvujisha umeme kidogo mno, na umeme ule hutafuta njia ya kurudi. Njia iliyokuwa rahisi kwake ilikuwa ganda la waya wa sauti, lile lile ambalo amplifaya hulitegemea kama sifuri yake. Sifuri ikitikisika mara 50 kwa sekunde, na mara 100, na 150, amplifaya haiwezi kujua kwamba hiyo si sauti. Inaikuza kwa uaminifu wote.

Kisha akaniuliza swali lililonishangaza: je, ukiipapasa kompyuta kwa mgongo wa kidole ikiwa kwenye chaji, inakutekenya? Nikamwambia ndiyo, kila siku, nilidhani ni joto. Akachukua mita akapima soketi ya chumba chetu. Tundu la tatu, lile la juu, halikuwa limeunganishwa na kitu.

Mwenye bweni alimleta fundi baada ya siku tatu za kusumbuliwa. Alikuwa mzee aliyefanya kazi Nakuru na Eldoret kwa miaka mingi, na aliposikia nasoma Kiswahili alikataa kabisa kuzungumza nami lugha nyingine. Chuoni nimefundishwa maneno mengi ya fasihi, lakini ni yeye aliyenifundisha kwamba soketi ina laivu, nyutro na ethi, na kwamba pale kwetu ethi ilikuwa imekatika nyuma ya ukuta. "Dada, bila ethi stima ikipotea njia itapita kwako," alisema. Nilimuuliza habari ya ushauri niliokuwa nimepewa na mwanafunzi mwingine, kwamba mngurumo huisha ukivunja ule mguu wa tatu wa plagi. Aliweka bisibisi chini. Alisema ni kweli unaweza kuisha, na ni kweli pia kwamba siku kifaa kikiharibika ndani, bodi yake yote itakuwa na umeme na hakuna kitakachokukinga. Ninaliandika hapa kwa makusudi, kwa sababu nimeona plagi zilizovunjwa mguu kwenye vyumba vya wanamuziki na wanaorekodi nyimbo, na wanazionyesha kwa fahari.

Ethi iliporudi, kompyuta iliacha kunitekenya na mngurumo ukapungua, lakini haukwisha. Ulikwisha tulipoacha ubahili na kurudisha betri mbili kwenye amplifaya. Betri haina habari na ukuta. Hakuna mzunguko, hakuna kinachovuja. Kuanzia hapo nikawa nabana matumizi ya chakula cha jioni ili ninunue betri, na sijutii.

Panzi wa chuma alikuwa simu yangu. Ilikuwa inalala kando ya amplifaya, ile simu ndogo ya vitufe ninayoipenda kwa sababu chaji yake hukaa siku nne. Simu za namna hiyo hutuma mawimbi yake kwa vipande vipande, mara 217 hivi kwa sekunde, na waya zilizo karibu huyadaka kama antena. Ndiyo maana "ti-ti-ti" ilikuwa inakuja kabla ya ujumbe kuingia. Tuliihamishia simu upande wa pili wa chumba, na siku nyingine tukaihamisha amplifaya kutoka kwenye plastiki hadi kopo la bati la biskuti, bati likiunganishwa na sifuri ya mzunguko. Hilo lilituchukua nusu saa na kicheko kingi, maana kopo lilikuwa na picha ya maua.

Ikabaki "shhh", na hii ndiyo niliyoichukia kuliko zote, kwa sababu ninayoielewa mimi kuliko rafiki yangu. Wenzangu wa fonolojia watanielewa mara moja. H ni kikwamizo sighuna: nyuzi za sauti hazitetemi, kinachosikika ni pumzi tu inayopita. S na sh nazo ni vikwamizo sighuna, ila zina nguvu. H ni dhaifu. Ukiiweka h ya mzee wa miaka themanini na kitu, anayezungumza chini chini, ndani ya "shhh" isiyokoma, umeweka maziwa ndani ya chokaa. Irabu zilinifikia salama, m na n zilinifikia, na mimi nikiwa nimetegemea hayo nikadhani ninasikia kila kitu. Ile programu ya kusafisha nayo haikuwa na kosa. Niliiambia iondoe kila kinachofanana na pumzi, ikaondoa pumzi za babu.

Rafiki yangu alizungusha kitasa cha sauti hadi mwisho wa chini. Babu akapotea kabisa. "Shhh" haikupungua hata chembe. Akatabasamu. Kitasa kiko mlangoni, akasema, kabla ya chipu. Kelele isiyojali mlango umefunguliwa au umefungwa imezaliwa baada ya mlango. Akanionyesha rezista mbili zinazoiambia chipu ikuze mara ngapi. Moja ilikuwa ya omu elfu kumi, nyingine ya elfu moja. Unagawanya ya kwanza kwa ya pili unaongeza moja, unapata mara 11. Chipu ilikuwa inakuza mara 11 kila kinachopita, pamoja na kelele yake yenyewe ndogo, nami upande wa kompyuta nilikuwa nimeacha sauti chini kabisa nikiogopa kuiharibu. Nilimnong'oneza mtu mlangoni, kisha ndani nikampa kipaza sauti cha mkutano wa hadhara.

Tukafanya kinyume. Tukatoa zile za omu elfu kumi, moja kwa kila sikio, tukaweka za omu 2,200. Ukuzaji ukashuka hadi mara 3.2. Sauti ya kompyuta tukaipandisha hadi karibu na mwisho. Nguvu ilitosha kabisa kwa zile hedifoni, na "shhh" ilishuka hadi nikalazimika kushika pumzi yangu mwenyewe ili niisikie.

Mikwaruzo ilimwaibisha kidogo, kwa kuwa ilikuwa kazi ya mkono wake. Alipokuwa akigonga kwa kijiti cha mbao kiungo kimoja baada ya kingine, mimi nikisikiliza, tulifika kwenye tundu la kuchomekea waya na sikio langu la kushoto likalipuka. Kiungo kile kilionekana kama vingine, ila ukikitazama kwa karibu risasi yake ilikuwa ya kijivu, haing'ari, imekaa juu ya waya badala ya kuukumbatia. Alikipasha moto upya, akaongeza risasi kidogo, kikang'aa. Alisema kwa sauti ndogo kwamba siku ile alikuwa na haraka.

Nilirudi kwenye rekodi za mwanzo. Namshukuru Mungu nilikuwa nimezihifadhi kabla ya kuanza kukwangua. Kama ningesafisha juu ya nakala pekee, insha hii ingekuwa ya kuomba msamaha tu. Nilizima taa, nikavaa hedifoni, nikaanza dakika ya kwanza.

Jambo la kwanza lililonishtua ni ukimya kati ya sentensi. Haukuwa ukimya mtupu. Kulikuwa na kelele za kwenye rekodi, zile nilizozidhania mwanzo, na zilikuwa chache na za kirafiki: kuku, bati likitanuka kwa jua la jioni, mtu akiosha sufuria nje. Kisha babu akavuta pumzi na kusema, "Hatari." Kwa h. Nilirudisha mara tatu. "Hatari", "haraka", "hesabu", "hewa". Breki za zamani za hewa alizieleza kwa dakika nne na kila mara neno lilikuwa na h yake, nyepesi, kama mtu anayepuliza kioo cha miwani. Lakini "apa" ilikuwa "apa" kweli, na "uyu" ilikuwa "uyu", na "apana" mara ina h, mara haina.

Kwa hiyo hakuwa na kanuni moja kama nilivyoandika. Maneno ya kazini, yale aliyopaswa kuyapiga kelele kwa dereva kabla treni haijaondoka, yalikuwa na h mara nyingi zaidi. Maneno madogo ya kila siku yalifuata Kiganda. Sithubutu kusema zaidi ya hapo kwa mzungumzaji mmoja, na safari hii nilipoliandika jedwali upya niliweka safu ya tatu yenye kichwa "sina hakika", ambayo katika jedwali la kwanza haikuwapo. Ina maneno mengi.

Ilibidi nimwendee Mwalimu. Sura yangu ilikuwa mezani kwake, imejaa alama za kalamu nyekundu, na kwa masikitiko yangu nyingi zilikuwa za sifa. Nilisema, "Shikamoo Mwalimu, nimekuja kuiondoa sura hiyo." Nilimweleza habari za amplifaya, ethi, betri, rezista na kopo la biskuti. Alinisikiliza bila kunikatiza. Mwisho aliuliza jambo moja tu: kwa nini nilipopata matokeo yasiyo na neno hata moja la kuyapinga sikushtuka? Sikuwa na jibu, na hakulisubiri. Aliniongezea wiki tatu, akasema nije na hedifoni na lile kopo ili asikie mwenyewe. Alikuja kuyasikia maneno kumi na mawili ya safu ya "sina hakika", na manne kati yake tulitofautiana.

Kuna jambo jingine kwenye rekodi ambalo sikuliweka kwenye tasnifu. Katika saa ya nne babu anasimulia usiku ambao treni ilikwama milimani kwa sababu ya ukungu, anasema ilikuwa Eldoret. Hapo nyuma, mbali na kinasa sauti, pale sufuria zilipokuwa zikioshwa, kuna sauti ya mwanamke. Katika ile nakala niliyoisafisha haipo kabisa. Programu iliifuta pamoja na kuku. Katika ya mwanzo inasikika wazi ukiwa na betri mpya: "Hapana, mzee. Si Eldoret. Ilikuwa Timboroa. Hukumbuki ile baridi?"

Ni bibi yangu. Bibi ambaye tangu nizaliwe amekuwa akisema hajui Kiswahili hata neno moja, ambaye niliposema nitakisomea alitoka nje asinijibu. Nilijua kwamba waliishi Nakuru kwenye nyumba za reli walipooana. Sikuwa nimewahi kujumlisha.

Nilikwenda nyumbani wikiendi iliyofuata nikiwa na kopo la biskuti kwenye mkoba. Sikumwambia chochote. Nilimvisha hedifoni juu ya kitambaa cha kichwa, nikatafuta sehemu ile ya saa ya nne, nikabonyeza. Alisikiliza akitazama ukuta. Alipofika pale alipojisikia mwenyewe, mkono wake ulipanda ukashika hedifoni upande mmoja, ukabaki hapo. Rekodi ilipoendelea hakuniambia niisimamishe. Baada ya muda mrefu aliuliza, kwa Kiswahili, kama hizo betri zitafika mwisho wa hadithi. Nikamwambia zina kama saa moja hivi.

"Basi rudisha nyuma, mjukuu wangu," akasema. "Anza tulipotoka Nakuru."